Kabla ya Kununua Spea, Jiulize: Kilibadilika Nini?

Leo siongelei mbegu wala mbolea. Naongelea gari, maana likikuzimia njiani na nyanya zimeshachumwa, hasara yake haina tofauti na ya ukungu.

Kijana mmoja ninayemtembelea huku Ilula ana pikapu kuukuu ya petroli, ndiyo inayompelekea nyanya sokoni. Msimu uliopita ikaanza kuzima. Asubuhi inawaka vizuri, inatembea kama nusu saa, inakosa nguvu, inakohoa, kimya. Ukiiacha ipumzike, inawaka kama haijawahi kuumwa. Mbele kidogo, kimya tena.

Fundi wa kwanza akabadilisha plagi. Wapi! Wa pili akasema pampu ya mafuta imechoka, ikanunuliwa mpya. Wiki hiyo hiyo gari ikazima juani na matenga yamejaa nyuma. Kufika sokoni, nyanya za chini zimelainika na dalali anajipangia bei. Wa tatu akataka koili. Hela ya koili ndiyo ilikuwa hela ya mbolea ya kukuzia.

Safari iliyofuata nilikuwa naye. Mimi si fundi, lakini nikamuuliza swali ninalowauliza kila siku shambani: ilianza lini, na kabla ya hapo kilibadilika nini? Akasema hakuna kitu, ila mfuniko wa tanki uliibwa, akanunua wa mtumba wa gari lingine, "ukakaa fiti kabisa." Ilipozima, nikamwambia aufungue. Tukasikia fyuuu, hewa inavutwa kuingia ndani. Akapiga stata, ikawaka hapo hapo.

Ni hivi. Mafuta yakitoka kwenye tanki, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Kwenye magari mengi ya zamani hewa hiyo hupitia kwenye mfuniko wenyewe, una kitundu kidogo. Ule wa mtumba haukuwa nacho. Tanki likawa linabana mafuta hadi pampu inashindwa kuyavuta. Ukisimama, hewa inapenya polepole, ndiyo maana gari ilikuwa "inapona". Pampu mpya haikuwa na kosa, na hata ile ya zamani huenda ilikuwa nzima.

Msimamo wangu ni huu: kubadilisha spea si kutafuta tatizo. Ni kubahatisha kwa hela yako. Na lawama si za mafundi peke yao. Sisi ndio tunaowafikia na haraka zetu, na tusipoona kitu kipya kimefungwa hatuamini kazi imefanyika. Fundi anaijua injini kuliko wewe, sawa. Lakini historia ya gari unaijua wewe. Usipomwambia, ataitoa wapi?

Shambani tunafanya hivyo hivyo. Nyanya zikinyauka, mbio dukani kununua dawa ya ukungu. Kata kwanza kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, huo ni mnyauko bakteria, na dawa ya ukungu hutibu ukungu, si bakteria. Glasi ya maji ni bure.

Kwa hiyo weka daftari la gari kama unavyoweka la shamba: nini kimefungwa, lini, na dalili ilianza lini. Pampu yako ya kumwagilia ikizima zima, angalia kitundu cha mfuniko wa tanki kabla ya kuita fundi. Hata bomba la mgongoni lina tundu la hewa kwenye mfuniko. Likiziba kwa matope, dawa inatoka kwa shida. Ila ukifungua tanki la petroli, sigara na moto vikae mbali, na usitembee na mfuniko wazi. Nunua unaostahili gari lako.

Yule kijana alinunua mfuniko sahihi. Mbolea ya kukuzia akaiwahi.

Kazi njema, tukutane shambani.