Udongo wa Kilwa Katika Mikutano ya Dunia

Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande ni majina yanayofahamika kwa kila msafiri wa barabara ya kusini. Nangurukuru ni njia panda ya kuingilia Kilwa. Kivinje na Masoko ni miji ya pwani. Pande iko mbele zaidi, kuelekea Lindi. Lakini tangu mwaka 2006 majina hayo manne yana kazi nyingine. Yamo katika majarida ya jiolojia ya dunia kama majina ya matabaka ya miamba, na matabaka hayo kwa pamoja huitwa Kundi la Kilwa. Mtaalamu anayesimama mbele ya wenzake Vienna au San Francisco kuzungumzia joto la bahari za kale hulitamka neno Nangurukuru, na wasikilizaji wake wakamwelewa. Mwalimu wa jiografia wa Kilwa, ambaye wanafunzi wake hulikanyaga tabaka hilo wakienda shule, hajapewa nafasi ya kuelewa kiasi hicho.

Kinachowavuta wataalamu ni udongo wa mfinyanzi. Udongo huo ulitua chini ya bahari kwa mamilioni ya miaka, tangu enzi za dinosaria wa mwisho na kuendelea, kisha ukainuliwa ukawa nchi kavu. Ndani yake mna magamba ya foraminifera, viumbe wa baharini walio wadogo kama punje za mchanga. Katika sehemu nyingi za dunia magamba ya namna hiyo yameharibika: chokaa yake imeyeyuka na kuganda upya katika maji baridi ya kilindini, na kipimo cha joto kilichohifadhiwa ndani yake kimepotoka. Udongo wa Kilwa na Lindi haupitishi maji kwa urahisi. Magamba yake yamebaki maangavu kama kioo.

Mwaka 2001 jarida la Nature la Uingereza lilichapisha matokeo ya utafiti ulioongozwa na Paul Pearson; miongoni mwa waandishi wake alikuwamo Joyce Singano wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania. Kabla ya hapo vipimo vya magamba yaliyoharibika vilikuwa vimewafanya wengi waamini kwamba, katika zama ambazo ncha za dunia zilikuwa na joto, bahari za tropiki zilikuwa baridi kuliko zilivyo leo. Magamba safi, yale ya Tanzania yakiwamo, yalionyesha kinyume: maji ya juu ya bahari hizo yalifikia nyuzi 28 hadi 32 za Selsiasi, na huenda zaidi. Baadaye mitambo ya kuchoronga ilipelekwa vijijini. Karibu na Stakishari, upande wa Pande, ilitolewa miamba yenye kumbukumbu ya wakati wa miaka milioni 34 hivi iliyopita, barafu kubwa ilipoanza kutanda Antaktika. Mwaka 2009 magamba ya huko yakatumika kukadiria ni kiasi gani hewa ya ukaa ilikuwa imepungua angani wakati huo.

Haya si mambo ya kale tu. Leo hewa hiyo inaongezeka. Wananchi wa Kilwa, ambao Mei 2024 waliona barabara yao ikikatwa na mafuriko wakati wa kimbunga Hidaya, wana haki ya kujua kwamba kipimo kimojawapo cha kutabiri bahari ya kesho kimetoka chini ya mashamba yao.

Wapo watumishi wa umma ambao wakisikia neno mkutano wa kimataifa hufikiria posho. Haki isemwe: mara nyingine hawakosei. Mtu aliyesafiri kwa fedha za wananchi akarudi bila kuwasilisha mada, bila kuandika taarifa, na bila hata kufungua mkoba wake wa makabrasha, amekula kodi ya mkulima wa korosho. Lakini kosa la mtu huyo lisiwe sababu ya kuwafungia mlango wanaokwenda kufanya kazi. Hoja ya tropiki baridi ilidumu kwa sababu ilikubaliwa na wengi. Ilitikiswa pale watu walipopeleka ushahidi mwingine mbele ya wenzao na kuuacha upigwe maswali. Sayansi huendeshwa hivyo. Taifa lisilo na mtu ndani ya ukumbi litasomewa uamuzi likiwa nje, hata kama mwamba unaobishaniwa ni wake.

Sakafu ya Bahari ya Hindi yatoa mfano mwingine, na huu unagusa fedha. Lava inapopoa chini ya bahari, chembe za madini ya chuma zilizomo hujipanga kuifuata sumaku ya dunia ya siku ile, kama sindano ya dira ya nahodha. Sumaku hiyo imegeuka mara nyingi katika historia ya dunia, kaskazini ikawa kusini na kusini kaskazini, na kwa hiyo sakafu ya bahari ina milia ambayo wenye ujuzi huisoma kama kalenda. Mwaka 1963 Fred Vine na Drummond Matthews wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza maana ya milia hiyo kwa kutumia vipimo vya meli iliyopima Bahari ya Hindi, juu ya safu ya milima ya chini ya maji iitwayo Carlsberg. Mwaka 1983 wataalamu wengine waliisoma milia iliyoko kati ya Afrika Mashariki na Bukini, wakaonyesha kwamba kisiwa hicho kilijitenga na pwani hii na kuteleza kuelekea kusini. Mwalimu anayefundisha kuhama kwa mabara kwa kulinganisha ramani ya Brazili na ya Afrika Magharibi anafundisha ukweli. Lakini ushahidi mwingine, tena wa karibu, uko nje ya mlango wake.

Ubishi wenyewe haujaisha. Kwa muda mrefu Mgongo wa Davie, ulio chini ya bahari mbele ya pwani ya kusini, ulichukuliwa kuwa njia ambayo Bukini ilipitia, na mpaka kati ya mwamba wa bara na mwamba wa bahari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulilipinga wazo hilo. Msomaji asidhani kuwa huo ni ugomvi wa maprofesa peke yao. Tangu mwaka 2010 gesi nyingi imegunduliwa katika kina kirefu cha bahari ya kusini, na kiwanda cha kuigeuza iwe kimiminika kimepangwa kujengwa Likong'o, Lindi, baada ya mazungumzo yaliyochukua miaka mingi. Aina ya mwamba ulio chini ya bahari hubadili hesabu ya joto lililopika mafuta na gesi, na hesabu hiyo huingia katika thamani ya kitalu. Makampuni ya kigeni huwatuma watu wao kusikiliza ubishi huo. Upande wa pili wa meza nao unahitaji watu waliousikia kwa masikio yao.

Mkoa wa Lindi umekwisha kuonja elimu ya njia moja. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru. Mamia ya vibarua walifukua, na wapagazi wakabeba mizigo kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilikwenda Berlin, ambako mwaka 1937 mjusi mkubwa kuliko wote alisimamishwa katika jumba la makumbusho, kimo chake kikipita mita 13. Suala la kumrudisha limezungumzwa Bungeni zaidi ya mara moja, nalo ni suala la haki. Ila mifupa haikuondoka peke yake. Maelezo yake pia yaliandikwa kwa Kijerumani, yakajadiliwa na Wazungu, na majina yakatolewa huko huko. Mwaka 1919 dinosaria mmoja alipewa jina la Lettow-Vorbeck, jenerali wa jeshi la kikoloni. Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, alisubiri hadi mwaka 2007 ndipo jina lake likapewa mnyama mmoja wa Tendaguru. Wamwera, wenyeji wa nchi ile, walisubiri hadi 2019.

Utafiti wa Kilwa haukufanywa kwa namna hiyo, maana Watanzania walikuwamo kazini na katika orodha ya waandishi. Hata hivyo ripoti zake ni za Kiingereza, na nyingi zimo katika majarida ya kulipia. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ndiyo inayotoa vibali vya utafiti. Inaweza kuweka sharti jepesi: kila atakayechukua mwamba Kilwa au Lindi aache, kabla ya mwaka kwisha baada ya kuchapisha, taarifa ya kurasa chache kwa Kiswahili katika ofisi ya elimu ya wilaya, na shule zipewe nakala. Sharti hilo limhusu mgeni na Mtanzania sawasawa, na anayerudi kutoka mkutanoni kwa nauli ya umma asilipwe masurufu mengine kabla ya kulitimiza.

Kwa upande wake Serikali itenge fungu la kuwapeleka wataalamu vijana wenye mada zilizokubaliwa. Wengi wao hukwama kwenye ada, nauli na viza, na wasipofika, mada yao husomwa na mshirika wa kigeni au haisomwi kabisa. Si lazima kuanza na Ulaya. Mkutano mkuu wa jiolojia wa dunia ulifanyika Cape Town mwaka 2016, na wataalamu wa sumaku ya dunia walikutana mji huo huo mwaka uliofuata. Wanajiolojia wa Afrika walikutana Dar es Salaam Agosti 2014. Mkutano wa namna hiyo utakaporudi nchini, siku moja ya ratiba yake iwe Kilwa Masoko, walimu wa sayansi na jiografia wakae mbele, na mazungumzo yawe kwa Kiswahili. Vifaa vya siku hiyo si vya gharama: ndoo ya maji, chekecheke laini, hadubini ya shule, na udongo wenyewe, ambao utachimbwa kando ya barabara.