Shedeur Sanders: mchezaji wa 144 alistahili kuchukuliwa ili akae benchi?

Aprili 2025, mjini Green Bay, katika jimbo la Wisconsin, jina la Shedeur Sanders lilingojea siku tatu. Wachezaji 143 waliitwa mbele yake. Siku ya tatu, kwenye raundi ya tano, Cleveland Browns ndio walimchukua. Na hata hao walikuwa wamekwisha kuchukua kwotabeki mwingine siku moja kabla, Dillon Gabriel, katika nafasi ya 94. Tangu pale Wamarekani hawajaacha kubishana. Kijana mwenye wengi walimtaja kati ya wachezaji wa raundi ya kwanza, alistahili kuchukuliwa ili awe mtu wa akiba? Ao timu ingetumia nafasi ile kwa mchezaji mwingine, bila kelele?

Familia nyingi zilizotoka Kivu zimepokelewa Marekani, Ohio pia imo, na watoto wao wanakua na mpira huu wa mikono. Njo maana mabishano haya yanafika mpaka huku, kwenye simu na kwenye makundi ya WhatsApp, na mara nyingi yanafika bila maelezo. Basi tuanze na maelezo.

Kwotabeki ni yule mwenye anapokea mpira kila mara timu yake inaposhambulia. Ako na sekunde tatu hivi za kuamua: arushe kwa nani, ampe mwenzake wa kukimbia nao, ao akimbie mwenyewe. Wakati huo watu wazito wanamkimbilia ili wamwangushe. Kwa mpira wa miguu, mtu wa karibu naye kwa hesabu ni kipa. Kwenye kiwanja anakuwa mmoja tu, hapumzishwi kama mshambuliaji mwenye amechoka, na wa pili anaweza kukaa msimu mzima bila kugusa mpira. Wenye walifuata TP Mazembe wakati wa Robert Kidiaba wanajua vizuri kazi ya kipa wa pili. Anafanya mazoezi kila siku, jina lake halijulikani, halafu siku moja mkubwa anaumia na kiwanja kizima kinamgeukia yeye.

Drafti nayo ni namna timu 32 za ligi ya NFL zinagawana vijana wenye wametoka vyuo vikuu. Raundi ni saba, na timu zenye zilifanya vibaya ndizo zinaanza. Mwaka 2025 nafasi zilikuwa 257. Mkongo mmoja anakumbukwa sana katika zoezi hilo: Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa mwenye alikulia Canada. Baada ya kukimbia yadi 313 katika mchezo mmoja wa chuo cha Michigan dhidi ya Ohio State mwaka 1995, Carolina Panthers walimchukua mwaka uliofuata katika nafasi ya nane. Nafasi si heshima tu. Ndiyo inapanga mshahara.

Hapa hesabu inasema mengi. Cam Ward, kwotabeki mwenye alikuwa wa kwanza katika drafti ile ya 2025, alipata mkataba wa miaka minne wa zaidi ya dola milioni 48. Sanders, kwa miaka ileile minne, alipata karibu milioni 4,6. Joe Flacco, mzee wa miaka 40 mwenye alishinda Super Bowl mwaka 2013, Browns walimpa dola milioni 4 kwa mwaka mmoja tu, na nyongeza juu yake kama angecheza sana. Kwa maneno mengine, kijana wa raundi ya tano anagharimu kwa miaka minne karibu sawa na mzee mmoja kwa mwaka mmoja. Ukiangalia mfuko peke yake, swali limekwisha: alistahili. Lakini hakuna mtu Marekani mwenye alikuwa anabishana juu ya mfuko.

Walikuwa wanabishana juu ya mambo mawili, mpira wake na jina lake.

Tuanze na mpira. Msimu wake wa mwisho katika chuo cha Colorado, mwaka 2024, alirusha yadi 4134 na kufikisha tachidauni 37. Kwa pasi 100, kama 74 zilifika mikononi mwa wenzake. Timu yake ilishinda michezo 9 na kupoteza 4, na mwaka wa mbele yake ilikuwa imeshinda 4 tu. Hesabu hizo si za mtoto. Ila kuna hesabu ingine yenye wakubwa wa timu waliisoma kwa makini zaidi: katika misimu ile miwili ya Colorado aliangushwa na mpira mkononi mara zaidi ya 90. Watetezi wake walisema walinzi wa mbele walikuwa dhaifu, na ni kweli. Wapinzani walisema anashika mpira muda mrefu, anarudi nyuma mno, anangoja mchezo mkubwa wakati ule mdogo uko mbele ya macho yake. Hiyo nayo ni kweli. Hana mbio za kutisha, na mkono wake si wenye nguvu kupita wengine. Nguvu yake ni kulenga, na moyo wa kusimama hata anapojua atapigwa.

Kwa mtu wa kuanza, mapungufu hayo yanaweza kuzungukwa. Kocha anapanga mchezo mzima kufuatana na yeye. Kwa mtu wa akiba inakuwa kinyume: anaingia katika mchezo wenye ulipangwa kwa mwingine. Pale ndipo mashaka juu ya Sanders yalikuwa na maana, kuliko ile hadithi ya kwamba hakutaka kufanya majaribio mbele ya wakaguzi wa ligi.

Jina sasa. Baba yake ni Deion Sanders, mmoja wa walinzi wakubwa katika historia ya mchezo huo, mwenye pia alikuwa kocha wake Jackson State, kule Mississippi, na baadaye Colorado. Popote kijana alipokwenda, kamera zilikwenda. Drafti ilipokuwa inaendelea bila yeye kuitwa, hata Rais Donald Trump aliandika akiwalaumu wenye timu. Usiku wa siku ya pili, kijana wa kocha mmoja wa Atlanta Falcons alimpigia simu akijifanya mkubwa wa timu nyingine, ili kumcheka tu. Ligi iliwatoza Falcons dola elfu 250 na kocha yule elfu 100. Hakuna mchezaji mwingine wa raundi ya tano mwenye alifanyiwa vile, juu hakuna mwingine mwenye alijulikana vile.

Na mtu wa akiba mwenye kujulikana ni mzigo, tusifichane. Mwaka 2012 New York Jets walimleta Tim Tebow awe nyuma ya Mark Sanchez. Tebow alikuwa anapendwa nchi nzima. Kila Sanchez alipokosea, watu uwanjani waliita jina la Tebow, waandishi waliuliza juu ya Tebow, na msimu wote Tebow mwenyewe alirusha mpira mara nane tu. Mara nane, kwa kelele za mwaka mzima. Wakubwa wengi wa timu walikuwa na picha hiyo kichwani walipoona jina la Sanders kwenye karatasi. Kumwita mwoga mtu mwenye anaogopa jambo hilo si haki. Vilevile si haki kumlipisha kijana deni la umaarufu wenye sehemu kubwa alizaliwa nao.

Wenye kumtetea wanapenda kutaja miujiza. Tom Brady alikuwa wa 199 mwaka 2000. Brock Purdy alikuwa wa mwisho kabisa, wa 262, mwaka 2022. Makwotabeki wawili wa mbele yake San Francisco waliumia, akaingia, akafika Super Bowl mwanzoni mwa 2024, na mwaka 2025 akasaini dola milioni 265 kwa miaka mitano. Nick Foles alitoka benchi la Philadelphia akashinda Super Bowl Februari 2018. Ni kweli yote. Lakini hesabu ya miujiza inasahau maiti. Mwaka huohuo Foles alipokuwa anapanda, Buffalo Bills walimwanzisha Nathan Peterman, kijana wa raundi ya tano kama Sanders, na katika nusu ya kwanza ya mchezo wake wa kwanza mipira yake mitano ilinyakuliwa na wapinzani. Mitano, mbele ya mapumziko. Peterman wako wengi kuliko Purdy.

Mfano wenye unasaidia zaidi ni Washington ya mwaka 2012. Timu ile ilitoa nafasi nyingi sana ili ipate Robert Griffin katika nafasi ya pili, halafu katika drafti ileile ikamchukua Kirk Cousins, wa 102. Watu walicheka: makwotabeki wawili kwa mara moja, wa nini? Januari 2013 goti la Griffin liliharibika, hakurudi tena kuwa yule wa zamani, na Cousins ndiye alishika timu tangu 2015. Browns walifanya jambo lenye kufanana, na walikuwa na sababu kubwa zaidi. Mwaka 2022 walikuwa wamempa Deshaun Watson dola milioni 230, zote za uhakika, na kutoa nafasi tatu za raundi ya kwanza ili wampate. Watson alikatika mshipa wa kisigino, ukapona nusu, ukakatika tena. Tangu timu ile irudi mwaka 1999, zaidi ya makwotabeki 40 wamekwisha kuanza mchezo kwa jina lake. Kwa nyumba yenye paa linavuja hivyo, kununua ndoo mbili si upuuzi.

Msimu wenyewe ulipofika, ulileta jibu, lakini si safi. Sanders alianza akiwa mtu wa nyuma. Flacco aliharibu, Gabriel akachukua nafasi yake, na Oktoba Flacco akapelekwa Cincinnati. Tarehe 16 Novemba, dhidi ya Baltimore, Gabriel aligongwa kichwa na Sanders akaingia kipindi cha pili. Pasi 16, nne tu zilifika. Yadi 47. Mpira mmoja ulinyakuliwa. Wenye kumpinga walisema si mliona. Jambo moja halikusemwa sana: mpaka siku ile hakuwa amefanya mazoezi ya kweli pamoja na kikosi cha kwanza. Mtu wa akiba hapewi muda huo. Unakwenda kwa mwenye kuanza. Anaombwa kupika katika jiko la mwenziwe bila kujua chumvi iko wapi.

Wiki moja nyuma yake alianza kule Las Vegas, akiwa amefanya mazoezi wiki nzima, na Browns walishinda 24 kwa 10. Dhidi ya Tennessee alirusha yadi 364 na tachidauni tatu, akakimbia na kufunga ingine yeye mwenyewe, na walipoteza 31 kwa 29. Katika jaribio la mwisho la kusawazisha, makocha walimtoa yeye kiwanjani, wakampa mpira mkimbiaji, na haikuwezekana. Ule uamuzi ulizungumzwa wiki nzima. Kisha Chicago waliwapiga 31 kwa 3, juu hakuna mtu anayekomaa kwa mstari ulionyooka. Mwisho wa mambo: michezo saba, mitatu ya ushindi na minne ya kushindwa, tachidauni 7 za pasi, mipira 10 iliyonyakuliwa.

Ukiweka hesabu hiyo mbele ya nafasi ya tatu ao ya ishirini ya drafti, ni hasara kubwa. Ukiiweka mbele ya nafasi ya 144, ni faida. Wachezaji wengi wa raundi ya tano hawaanzi michezo saba katika mwaka wao wa kwanza, wala hawaishindii timu mbovu michezo mitatu. Kwa hiyo wote wawili walikuwa na haki kwa sehemu: wale wenye walimpita mara nne na tano hawakuwa wajinga, na Browns wenye walimchukua hawakufanya mchezo. Kosa, kama kosa liko, lilikuwa kwa wale wenye walitaka awe ama mfalme ama takataka. Kati ya hivyo viwili kuna kazi ya mtu wa akiba, na ni kazi ya kweli.

Bado mashaka yanabaki juu ya ile tabia ya kushika mpira. Mipira 10 kunyakuliwa katika muda mfupi vile ni mingi kwa mtu mwenye sifa yake ya kwanza ni kulenga. Kocha Kevin Stefanski alifukuzwa Januari 2026, na kocha mpya si yule mwenye aliketi katika chumba kile cha drafti. Hana deni kwa Sanders wala kwa Gabriel. Mkataba wa Watson unaendelea mpaka 2026. Na kwa drafti ya Aprili 2026, mjini Pittsburgh, Browns walikuwa na nafasi mbili katika raundi ya kwanza, yao na ile ya Jacksonville. Kama wangetumia moja kuchukua kwotabeki mwingine, Sanders angerudi pale alipoanzia: benchi, mshahara mdogo, mazoezi na kikosi cha pili. Zamu hiyo hakuna mwenye angeuliza kama anastahili nafasi hiyo. Wangeuliza kama angeweza kukaa pale kimya.