Mkulima wa Bushi Hakosi Semina

Kuna imani imeota mizizi Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuanzia kwa wakuu wa vyuo hadi kwa wafadhili wao: kwamba maskini ni maskini kwa sababu hajui, na kwamba wasomi wakishuka vijijini kumfundisha, umaskini utarudi nyuma. Naipinga imani hii, na naipinga kwa uchungu, maana imetupotezea miaka mingi.

Mji wetu haukosi vyuo. Chuo cha ualimu cha ISP kipo tangu 1961, Chuo Kikuu cha Kikatoliki tangu 1989, chuo kikuu cha Kiprotestanti cha UEA huko Panzi tangu 1991, na Chuo Kikuu Rasmi kilianza kama tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani. Tuna hata ISDR, ambayo maendeleo ya vijijini yamo katika jina lake. Kama mkulima angekombolewa kwa kukaa karibu na wasomi, maeneo ya jirani ya Kabare na Walungu yangekuwa yameshakomboka.

Tuanze na ardhi, kwani ndiko kwenye shina la mambo. Kwa mila ya Bushi, nchi ya Bashi, mwenye ng'ombe alilipa kalinzi kwa chifu, na shamba likabaki lake na la watoto wake. Asiye na ng'ombe hupewa bwasa: hukodi kwa muda mfupi, na haruhusiwi kupanda mazao ya kudumu. Hakuna kahawa, hakuna mgomba. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya mwaka 1973, ardhi yote ikawa mali ya serikali, na wenye fedha na makaratasi wakajiandikishia vilima vizima. Mtu aliyelipa kalinzi akajikuta analima ndani ya konsesheni ya mwingine.

Sasa mchukue mama wa bwasa, umkalishe chini ya bango la chuo, umfundishe kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, kupanda miti na kuweka samadi. Anayajua hayo yote; mama yake aliyajua. Anajua pia kwamba udongo ukishanona, mwenye shamba atalichukua au atapandisha kodi. Basi anasikiliza kwa adabu, anatia sahihi kwenye orodha, anapokea soda na pesa ya usafiri, anarudi nyumbani. Katika ripoti ataitwa mnufaika. Amenufaika na nini?

Mnyauko wa migomba ulitufundisha jambo hilohilo, kama tungetaka kujifunza. Ugonjwa ulipoenea Kivu, wataalamu waliwaagiza wakulima wang'oe shina lote pamoja na machipukizi yake, waharibu kila kitu, kisha wangoje. Wengi walikataa, wakaitwa wabishi. Kung'oa shina ni kazi ya kuvunja mgongo, na kungoja mavuno mapya ni kungoja na njaa. Baadaye utafiti, pamoja na ule uliofanywa hapahapa Kivu Kusini, ulionyesha kwamba vijidudu havienei kila mara katika mashina yote ya mgomba mmoja. Ukikata mapema shina linaloumwa, ukachoma kisu kwenye moto na kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, shamba linaweza kupona. Mkulima aliyekataa alikuwa akilinda chakula cha watoto wake, na sayansi ikalazimika kumfuata alipo.

Ndivyo chuo kinavyopaswa kushuka: kikiwa na maswali. Leo kinashuka na dodoso. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anapanda hadi Walungu, anauliza kaya ina watu wangapi, wanakula mara ngapi kwa siku, wanalima eneo gani. Watu wanaacha jembe wanamjibu. Anarudi mjini, anaandika kwa Kifaransa, anatetea kazi yake mbele ya jopo, anapata alama. Kitabu kinaenda maktaba. Waliojibu hawasikii tena neno lolote, si kwa Kiswahili, si kwa Mashi, lugha yao.

Sisemi elimu haina kazi. Wazazi wa mji huu, mshahara wa serikali ulipoporomoka, waliwalipa walimu wa watoto wao kutoka mifukoni mwao kwa miaka mingi, hadi elimu ya msingi ilipotangazwa bure mwaka 2019. Watu wa namna hiyo hawahitaji kuhamasishwa kupenda shule. Na wanafunzi wa udaktari wa UEA wanaojifunzia Panzi, katika hospitali iliyoanzishwa na Denis Mukwege mwaka 1999, hawaendi kumhutubia mgonjwa juu ya afya. Wanamhudumia. Kwa nini sheria, kilimo na uchumi visifanye vivyo hivyo?

Na akiba je? Waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, benki zilifunga milango. Mama aliyefundishwa semina baada ya semina kuweka akiba benki hakuweza kuitoa. Huyo alikosa maarifa gani?

Wakuu wa vyuo, nawaomba mambo mawili. Tasnifu yoyote iliyofanywa kijijini isipewe alama kabla matokeo yake hayajasomwa kijijini hapo, kwa lugha ya hapo, na wenyeji wakapata nafasi ya kuyapinga. Na wanafunzi wa sheria wapelekwe Kabare na Walungu wakaandike mikataba ya bwasa pamoja na wakulima: ya miaka mingi, yenye mashahidi, inayoruhusu kupanda mgomba. Pesa za mabango na soda zinatosha kuanzia.