Shabiki wa benga ni malenga tusiyemtambua

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii tumeifundisha darasani miaka nenda miaka rudi, na kila mara tumeieleza kwa upande wa anayecheza: kwamba mwenye kipawa apewe heko na watu wake. Ni nadra sana kuuliza juu ya huyo anayetunza. Yeye ni nani? Je, kazi yake ni kutoa fedha na kurudi kitini, ama naye ana sanaa yake? Makala haya yanakusudia kumtetea huyo wa pili, na hasa shabiki wa muziki wa benga katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambaye kwa maoni yangu ni malenga kamili, ila jina lake halimo katika daftari la mwalimu yeyote.

Niliwahi kukesha katika ukumbi mmoja mjini Homa Bay, si mbali na ziwa, bendi ya benga ilipokuwa ikitumbuiza. Nilikwenda kwa ajili ya kazi yangu ya isimu, daftari mkononi. Katika meza niliyoketi alikuwapo fundi wa baiskeli aliyekuwa ametoka Migori alasiri hiyo, akapitia Awendo, Rongo na Rodi Kopany, kuja kuisikiliza bendi aipendayo. Aliwajua wanamuziki wote kwa majina. Alijua nani alimrithi nani kwenye gitaa la besi. Na kila wimbo ulipoanza, aliutambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Alinunua soda moja, akaikalia usiku kucha.

Ilipotimu kama saa sita za usiku, mpiga gitaa la solo alishusha sauti, ngoma zikaendelea kwa mbali, na mfawidhi akashuka jukwaani na kipaza sauti. Fundi wangu alisimama, akatoa shilingi 100, akatangaza kwa Dholuo kwamba yeye ni maji ya Mto Kuja, yapitayo chini ya daraja bila kumwomba ruhusa aliye juu yake. Ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Mfanyabiashara mmoja aliyeketi mbele, mwenye gari nje, alielewa kwamba aliye juu ya daraja ni yeye. Akatoa noti kadhaa za shilingi 1,000, akajibu kwamba yeye ndiye chuma kilichoshikilia daraja hilo, na mito mingi imekipita kikiwa pale pale. Watu wakashangilia tena. Fundi akajipapasa, akatoa kilichosalia mfukoni, akasema kwamba maji hayabishani na chuma. Huiachia kutu kazi hiyo. Hapo hata mpiga besi aliangua kicheko, na mfanyabiashara mwenyewe akainuka kumpa mkono.

Nilipomuuliza fundi atarudije Migori, maana nauli ilikuwa imekwenda na maji ya Kuja, alinijibu, "Mwalimu, malori ya miwa yapo, na barabara haijahama."

Desturi hiyo ndiyo iitwayo pakruok. Neno lenyewe linafaa kuchunguzwa na kila mwanafunzi wa lugha. Katika Dholuo, pako ni kusifu. Kiambishi -r- kinachofuata mzizi hukirudisha kitendo kwa mtendaji, na sehemu ya mwisho hulifanya neno kuwa nomino. Pakruok, basi, ni kujisifu. Kiswahili hufanya kazi iyo hiyo kwa kutanguliza -ji-: kusifu, kujisifu, kugamba, kujigamba, na kutokana nako tukapata majigambo. Lugha moja ni ya Kibantu, nyingine ni ya Kinailoti, hazina undugu wa karibu. Hata hivyo kila moja imejitengenezea njia ya kumfanya mtu awe msifu na msifiwa kwa wakati mmoja.

Wala desturi hii haikuanza na magitaa ya umeme. Kabla ya benga palikuwa na nyatiti, ala yenye nyuzi 8, ambayo mpigaji wake huipiga akiwa ameketi, pete ya chuma kidoleni mwa mguu ikigonga mbao za ala hiyo na njuga zikilia mguuni. Katika matanga na sherehe, mgeni aliweza kumsimamisha mpigaji kwa kumpa kitu kidogo, akajisifu yeye, ukoo wake na rafiki zake, kisha muziki ukaendelea. Vijana wa Nyanza walipochukua gitaa katika miaka ya 1950 na 1960, walihamishia katika nyuzi zake ule udonoaji wa haraka wa nyatiti. Pamoja na udonoaji huo walihamisha pia nafasi ya msikilizaji. Kwa hiyo shabiki anayesimama leo na kukatiza wimbo anaikalia nafasi aliyoachiwa na babu yake, na si haki kumwita mfanya fujo.

Msomaji wa pwani atasema kwamba hata kwao kuna kutuza. Ni kweli. Katika taarabu, msikilizaji huinuka akicheza, fedha mkononi, akamtuza mwimbaji wakati ule ule ubeti unapomgusa, na mara nyingine fumbo la ubeti huo humlenga jirani aliyeketi meza ya pili. Katika muziki wa Kongo nako kuna libanga, yaani mwanamuziki kulitaja jina la mfadhili ndani ya wimbo. Lakini tazama tofauti iliyopo. Wa taarabu hanyanyui sauti. Husema kwa kinywa cha mwimbaji. Wa libanga husemewa. Shabiki wa benga husema mwenyewe, kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe, papo kwa papo, mbele ya umma utakaomcheka akikosea. Sijui ni sifa gani ya mtunzi inayomkosa mtu huyu.

Tena shabiki huyu amelelewa na waimbaji wazito. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania mwaka 1940 na kufariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu mwaka 2006, aliitwa Mfalme wa Historia. Alizungumzia siasa kwa visa vya wanyama na masimulizi ya Biblia, na zaidi ya mara moja nyimbo zake zilimtia mikononi mwa askari. Shabiki wa Misiani alilazimika kuwa mfumbuaji wa mafumbo, la sivyo angerudi nyumbani na mdundo tu. Princess Jully wa Migori naye, aliyeirithi bendi ya mumewe Prince Jully baada ya kufiwa naye, aliimba "Dunia Mbaya" kwa Kiswahili kuwaonya watu juu ya Ukimwi, wakati ambapo ugonjwa huo ulikuwa ukiyajaza makaburi ya Nyanza Kusini na wengi wakiogopa hata kuutaja. Wimbo huo ulivuka mipaka ya Nyanza kwa sababu ya lugha aliyoichagua. Na santuri za benga zilipofika kusini mwa Afrika, watu wa Zimbabwe waliuita muziki huo "kanindo", kwa jina la Phares Oluoch Kanindo, mfanyabiashara wa santuri kutoka Nyanza. Huu si muziki wa vichochoroni.

Kwa nini basi niandike sasa? Kwa sababu sanaa ya shabiki inakonda. Kila asiyeziba macho ataona kwamba fedha, ambayo zamani ilikuwa kibali cha kusema, imeanza kuwa ndiyo usemi wenyewe. Mkubwa hutoa bunda la noti, na mfawidhi hulitaja jina lake mara kumi pamoja na cheo chake, bila sitiari, bila fumbo, bila hata kutaja mto mmoja au mlima mmoja wa kwao. Wakati wa kampeni za uchaguzi hali huwa mbaya zaidi: wimbo wa dakika kumi hugeuka orodha ya wagombea. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, si lazima hata mtu afike ukumbini. Anaweza kutuma fedha akiwa Nairobi na jina lake likasomwa kutoka kwenye simu. Sifa imesomwa, lakini hakuna aliyejisifu. Kile kiambishi -r- kimepotea.

Siwalaumu wanamuziki. Bendi hula kwa jukwaa. Enzi za kaseti waliibiwa na wanakili haramu, na hata leo wengi wao hawaoni fedha ya maana kutokana na kazi zilizorekodiwa. Anayetoa bunda ndiye anayelipia mafuta ya gari na nyuzi za gitaa. Ninachosema ni kwamba kwa mwenye bunda maneno ni ziada, bali kwa fundi wa baiskeli maneno ndiyo mali yote aliyo nayo. Siku ukumbi utakapozoea kushangilia kiasi badala ya kauli, mtu wa shilingi 100 atanyamaza, na ushairi utakuwa umenyamaza naye.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu na wanafunzi. Katika fasihi simulizi tunafundisha sifo, tondozi, pembezi na majigambo. Mwanafunzi hukariri kwamba majigambo hutungwa kwa nafsi ya kwanza, hutumia sitiari na chuku, hutaja ukoo, na aghalabu hughanwa na wanaume. Kisha hukariri sura ya utafiti nyanjani: mahojiano, uchunzaji, kurekodi, kushiriki. Huzijua faida na hasara za kila mbinu, akazijibu kwenye karatasi ya mtihani, akapata alama. Lakini nyanja yenyewe hajaikanyaga! Anaamini kwamba majigambo yalikwisha pamoja na mashujaa wa mikuki, ilhali mjomba wake alijigamba Jumamosi iliyopita katika soko la Oyugis. Anaandika kwamba wanaojigamba ni wanaume, ilhali shangazi yake husimama akajitaja kuwa binti wa fulani, wa ukoo fulani, na wanaume wakakaa kimya.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba maonyesho hayo hufanyika usiku, penye pombe na lugha chafu, na kwamba disko matanga zimewaharibu wasichana wengi wa shule. Pingamizi hii ni ya haki, na mzazi anayemzuia mwanawe simlaumu hata kidogo. Lakini nani amesema mwanafunzi apelekwe ukumbini usiku? Mtafiti anaweza kumfuata shabiki mchana, dukani au shambani kwake, akamwomba amkaririe pakruok zake tano anazozipenda, na amweleze kila moja ilimlenga nani na ilijibiwaje. Mpiga nyatiti au gitaa anaweza kualikwa shuleni Ijumaa alasiri. Katika tamasha za muziki za shule, nyimbo za kienyeji huimbwa kila mwaka. Kwa nini nafasi ya msikilizaji isiimbwe nazo?

Pingamizi ya pili hutoka kwa walimu wa Kiswahili wenyewe: kwamba pakruok ni ya Dholuo, basi haituhusu. La hasha! Fasihi simulizi tunayoitahini ni ya Waafrika wote. Zaidi ya hayo, hakuna zoezi bora la tafsiri kuliko hili. Mwanafunzi akijaribu kuileta pakruok katika Kiswahili, atagundua mara moja kwamba maneno hupita na fumbo hubaki nyuma. Atalazimika kutafuta sitiari itakayomfanya msomaji wa Lamu acheke pale pale alipocheka mtu wa Homa Bay. Mtoto akifanya hivyo mara tatu, atakijua Kiswahili chake vizuri zaidi, na lugha ya mama hataidharau tena.

Ya tatu ni kwamba kujisifu ni kiburi, na shule hufundisha unyenyekevu. Wenye hoja hii wasikilize tena. Anayejiita maji ya Kuja hadai kwamba ni tajiri wala mwenye nguvu. Anadai kwamba yupo. Mtu ambaye mchana kutwa huitwa "wewe fundi" amepata dakika moja ya kujitaja kwa jina alilojichagulia, na umma ukalikubali. Sioni kiburi katika jambo hilo.

Pendekezo langu, basi, ni dogo. Kila shule ya upili katika kaunti hizi mbili iwe na daftari moja la pakruok. Kila muhula wanafunzi walete walizozikusanya kwa idhini ya wenyewe, ziandikwe kwa Dholuo upande mmoja na kwa Kiswahili upande wa pili, pamoja na mahali, tukio na jibu lililotolewa. Baada ya miaka mitano tutakuwa na hazina ambayo hakuna chuo kikuu kilicho nayo, na ambayo haikumgharimu Waziri hata senti moja. Wenye bunda nao wataona kwamba jina tupu haliandikwi. Kinachoandikwa ni kauli iliyotungwa. Huenda wakaanza kutunga.

Mwalimu wa Rongo, wa Mbita au wa Ndhiwa hana haja ya kungoja waraka wala warsha. Nyanja ya utafiti iko mlangoni pake, na malenga wake wako njiani kila siku, wengine wakitengeneza baiskeli. Aanze muhula huu.