Gari ya Spoti: Ilipie Miezi Mitatu Kabla Hujainunua

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mshahara umeingia, na mwenzetu mmoja hapa ofisini alikuwa ameacha kabisa kusikiliza mkutano. Kwenye simu yake kulikuwa na picha ya Subaru Impreza WRX STI ya bluu, rimu za rangi ya dhahabu, bawa kubwa nyuma, bei 850,000. Muuzaji alikuwa akimwandikia haraka haraka. Ati kuna mtu anatoka Nakuru kesho asubuhi na pesa mkononi, lakini kwa sababu naona wewe uko siriasi, tuma 50,000 nikushikie.

Akatuma. Haikuchukua hata dakika moja.

Tunaandika haya kwa aibu kidogo, maana sisi ndio tunaolipwa kuwafundisha wateja jinsi ya kutumia pesa za simu. Lakini wacha tuambiane ukweli: hii gari ina uchawi wake. Wengi wetu hatukuwa hata tumezaliwa Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, na Richard Burns aliporudia kwa Impreza mwaka wa 2000 bado tulikuwa tunabebwa mgongoni. Hata hivyo tulisimuliwa. Kuna nyumba ambazo jina la Patrick Njiru lilitajwa kana kwamba ni mjomba wa familia. Tangu mbio hizo zirudi kwenye ratiba ya dunia mwaka wa 2021, kila mwaka mtu anarudi kutoka Naivasha na vumbi kwenye viatu na wazo baya kichwani. Kwa hivyo hatutakuambia usitamani. Tunachosema ni kwamba usilipe kwa tamaa.

Tuanze na ile 50,000.

Gari ilikuwepo, na hilo ndilo watu wengi hawalitarajii. Jumamosi mwenzetu alienda, akaiona, akaketi ndani, akaiwasha. Jumatatu ndipo alipoingia kwenye tovuti ya NTSA kupitia eCitizen na kuomba nakala ya rekodi za gari. Majina mawili yalitokea: la mwanamke asiyemjua, na la benki. Muuzaji hakuwa hata mmoja wao. Alipoulizwa alisema ni gari ya dadake, mkopo umebaki kidogo tu, utaisha wiki ijayo.

Mwenzetu akaja kwetu akitaka muamala urudishwe. Hapa ni muhimu tuelewane, kwa sababu swali hili tunaulizwa kila siku. Huduma ya kurudisha pesa iko kwa ajili ya mtu aliyekosea namba. Ukikosea tarakimu moja na pesa ikaingia kwa mgeni, ukituambia mapema tunaweza kusaidia, mradi pesa bado iko kwenye akaunti yake. Lakini ukituma kwa mtu uliyemkusudia, kiasi ulichokusudia, halafu mkakosana, hapo hujakosea kutuma. Mna mgogoro wa biashara, na sisi si mahakama. Isitoshe, pesa ilikuwa imeshatolewa kwa wakala Ijumaa ile ile. Mpaka leo amerudishiwa 20,000, kwa vipande vitatu, kila kipande na hadithi yake.

Makosa yalikuwa kwenye mpangilio. Alilipa, akaona, ndipo akachunguza. Geuza huo mpangilio. Nakala ya rekodi ada yake haifiki shilingi elfu moja, na huihitaji ruhusa ya mtu kuiomba. Unahitaji namba ya gari tu. Kama muuzaji amefunika namba kwenye picha na hataki kukupa, mazungumzo yameisha. Ukishapata nakala, linganisha majina matatu: jina lililo kwenye rekodi, jina kwenye kitambulisho chake, na jina linalotokea kwenye simu yako kabla hujathibitisha kutuma. Yakiwa tofauti, usitume hata shilingi ya soda.

Kuna jambo lingine ambalo hata wanaojiona wajanja hulipita. Gari inaweza kuwa na logibuku safi yenye jina moja, na bado iwe imewekwa rehani. Chini ya sheria ya 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika, mkopeshaji anaweza kuandikisha dai lake kwenye sajili ya serikali, ambayo nayo inatafutwa kupitia eCitizen. Mikopo ya logibuku imekuwa mingi. Ukinunua gari yenye deni, mkopeshaji hatakuja kumtafuta muuzaji. Atatafuta gari, na gari itakuwa imeegeshwa kwako.

Na ile stori ya "kuna mtu anakuja kesho"? Mwambie aje. Tunajua hii ni ajabu kutoka kwa kampuni inayopata ada kila unapotuma pesa, lakini msimamo wetu ni huu: hela ya kushikia gari isitumwe kwa simu kwa mtu ambaye hujaona rekodi zake. Watu hulalamika kwamba kikomo cha 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku kinawachelewesha wanaponunua vitu vikubwa. Sisi tunakiona kama breki. Gari ya 850,000 huwezi kuimaliza kwa simu kwa hasira ya dakika tano, na tunadhani ni afadhali hivyo. Salio kubwa lipite benki, siku ambayo muuzaji ameanzisha uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake ya NTSA na wewe unaona ombi kwenye yako. Ada za serikali zenyewe zinalipwa kwa Paybill 222222, si kwa namba ya broka.

Sasa tuseme karatasi ziko sawa. Hapo ndipo tunapotofautiana na ushauri wa kawaida, ule wa "kagua gari vizuri". Bila shaka kagua. Fika kabla haijawashwa, weka kiganja kwenye boneti. Kama ni ya moto, kuna kitu hakutaka usikie injini ikiamka baridi. Moshi wa samawati maana yake oili inaungua, na kwenye gari ya tabo hiyo si habari ndogo. Peleka fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji, au ipeleke AA Kenya wakague. Na kumbuka hizi gari si changa. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8, kwa hivyo STI ya miaka ya 2000 unayoiona sokoni iko hapa nchini tangu zamani, imepita mikono mitatu minne ya vijana kama wewe, na hakuna hata mmoja aliyeiendesha polepole.

Lakini ukaguzi unakuambia hali ya gari tu. Hali yako wewe haikuambii, na hiyo ndiyo inayouza hizi gari tena baada ya miezi minane.

Mwenzetu mwingine, dada yetu wa huduma kwa wateja, ana Impreza ya tabo tangu 2021 na hajawahi kuijutia, ila anacheka akikumbuka mwaka wa kwanza. Aligonga shimo, tairi moja likapasuka ubavuni. Akadhani ni hela ya tairi moja. Kumbe gari inayovuta kwa magurudumu yote manne inataka matairi yanayolingana ukubwa hadi kwenye kuisha kwake, la sivyo unaumiza mitambo ya kugawa nguvu katikati. Matatu yaliyobaki yalikuwa yameisha nusu. Akanunua manne. Miezi miwili baadaye fundi akamwambia taimingi belti haijulikani ilibadilishwa lini. Kwenye injini zile, belti ikikatika valvu na pistoni zinakutana, na unaanza kuulizia injini nzima Kirinyaga Road. Akabadilisha. Yeye alikuwa na akiba. Wangapi huwa nayo?

Kwa hivyo jaribio letu ni hili, na tunalisimamia. Ukipenda gari ya spoti, usiinunue. Ilipie kwanza kwa miezi mitatu kana kwamba unayo.

Tulikaa na yule mwenzetu wa STI tukafanya hesabu yake. Anaishi Ruiru, kazi mjini, tukaweka kilomita 50 kwa siku kwenda na kurudi, siku 22 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 1,100. Gari ya aina hiyo kwenye foleni ya Thika Road, tukaikadiria kilomita 8 kwa lita. Ni kama lita 137 na nusu, na kwa 180 kwa lita inakuwa 24,750 kwa mwezi. Wewe weka bei ya EPRA ya mwezi wako, na ujue injini hizi ziliundwa kwa petroli ya daraja la juu, ambayo bei yake ni nyingine. Bima kubwa tukaweka 5,000 kwa mwezi. Hapa tuongeze tu kwamba kama gari imebadilishwa eksozi, tabo au kompyuta ya injini na hukuwaambia watu wa bima, usishangae siku ya kudai. Matengenezo tukaweka 10,000, kwa ajili ya matairi, belti, klachi na yale usiyoyajua. Jumla 39,750. Ukitoa 4,400 anazolipa matatu sasa, inabaki 35,350.

Tukamwambia: kila siku ya mshahara, tuma 35,350 kwenye akiba iliyofungwa, ile ambayo huwezi kutoa kabla ya tarehe. Usiiache kwenye salio la kawaida, maana pesa iliyo kwenye salio la kawaida ina miguu. Endelea kupanda matatu. Endelea kulipa nyumba, kutuma nyumbani, kuchangia chama. Usikope popote. Ukifika mwezi wa tatu hujavunja na hujakopa, nenda kanunue gari yako, na zile 106,050 ndizo zitakazokulinda siku ya shimo la kwanza.

Wengine wametuambia jaribio hili ni la kuwakatisha vijana tamaa. Kwamba ukingoja kila kitu kiwe sawa hutaendesha kitu. Tunaelewa, na tunakubali kwamba kuna mtu atakayefeli jaribio na bado aweze kumiliki Vitz kwa amani. Lakini sisi ndio tunaopokea simu za mtu anayetaka kuongezewa kikomo cha mkopo wa simu tarehe 19 ili atie mafuta. Mkopo wa siku 30 wa kutia mafuta gari ya kujivunia, hiyo si bajeti.

Mwenzetu alianza jaribio mwezi wa pili. Mwezi wa kwanza alipita, akawa anatuonyesha salio kila saa nne ya chai. Mwezi uliofuata kulikuja mchango wa harusi ya binamu yake, akatuma 29,000 badala ya 35,350, akatuomba tuhesabu hivyo hivyo. Tulikataa. Ameanza upya, na ile STI ya bluu bado iko kwenye tangazo, sasa bei ni 780,000.