Mwaka Huu Twende Bluff kwa Baiskeli

 

Kila Julai, Greyville hujaa kofia. Jumamosi ya kwanza ya mwezi huo kwa kawaida ndiyo siku ya Durban July, mbio za farasi zilizoanza mwaka 1897, na sisi tunaoishi jirani na uwanja huamka tukakuta magari yamepangwa hadi mlangoni. Siku hiyo hiyo au siku chache baada ya hapo huja Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Kwa kuwa mtaani hapapitiki, chama chetu hutafuta mahali pa kukimbilia. Mwaka jana tulikimbilia Umhlanga.

Mliokuwapo mtanisahihisha nikikosea. Tulikodi basi dogo, tukashuka ufukweni, tukapiga picha mbele ya mnara wa taa, tukala chipsi, tukarudi. Ukiondoa wimbo mmoja tulioimba ndani ya basi, Kiswahili kilichosemwa siku ile kilikuwa "asante" na "twendeni". Sina wa kumlaumu, maana hata mimi sikusema zaidi ya hapo.

Napendekeza mwaka huu tusikodi basi. Twende kwa baiskeli, na badala ya kwenda kaskazini twende kusini, kwenye miamba ya Bluff.

Najua kuna atakayeuliza: sisi ni chama cha lugha au cha michezo? Nitamjibu kwa habari za nyumbani kwetu. Baba yangu ni mtu wa Tanga, mji unaosifika Tanzania kwa baiskeli zake. Mama yangu ni Mzulu wa Umlazi. Mimi nimezaliwa hapa hapa, na Kiswahili changu ni cha kusikilizia kwenye simu: baba anaongea na bibi, mimi napita na sahani. Naelewa karibu yote, lakini nikifungua mdomo maneno yanatoka vipande vipande. Wengi wetu chamani tuko hivyo. Tuna Kiswahili cha salamu na cha jikoni, kisha darasani tunapewa ngeli, na katikati ya jiko na ngeli pako wazi.

Siku niliponunua baiskeli ya mkono wa pili, baba aliishika usukani, akainama kuitazama, akaanza kuongea. Cheni imelegea. Spoki mbili zimepinda. Keria hakuna, utabebaje mtu? Akanifundisha kutoa tairi, kusugua mpira wa ndani, kupaka gundi na kubandika kiraka. Alinisimulia jinsi yeye na mdogo wake walivyokuwa wakipanda baiskeli moja kwenda kwa shangazi yao Pangani. Tulikaa zaidi ya saa moja pale uani, na hakuna aliyetia neno la Kiingereza. Sijawahi kuzungumza na baba yangu kwa Kiswahili kwa muda mrefu kiasi hicho, kabla ya siku ile wala baada yake. Kwa hiyo sikubali kwamba baiskeli haihusiani na lugha.

Sasa njia yenyewe. Kutoka Greyville hadi baharini ni karibu na hakuna mlima. Unapita uwanja wa Moses Mabhida, unaingia kwenye njia pana ya ufukweni inayotoka mdomo wa mto uMngeni hadi uShaka, karibu na lango la bandari. Njia hiyo ni tambarare na laini. Watoto wanajifunzia hapo, wageni wanakodi baiskeli, mabibi wanatembea asubuhi. Jiji liliitengeneza vizuri kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2010, na nalishukuru.

Lakini ukifika mwisho wake, simama utazame ng'ambo. Bluff iko pale pale, kilima kirefu cha kijani, mita mia chache tu juu ya maji. Daraja hakuna. Ili ufike lazima uzunguke ghuba nzima, na kuanzia hapo njia ya baiskeli imekwisha. Unabaki wewe na malori. Durban ni miongoni mwa bandari zenye makontena mengi zaidi Afrika, na makontena hayo hupita barabara zile zile unazopaswa kuzipita wewe.

Mwezi wa Machi lori lilinibana upande wa Maydon Wharf, nikaangukia ukingoni. Dereva hakusimama, huenda hata hakuniona. Nilichubuka goti na kiwiko. Nyuma yangu walikuwa wanakuja wanaume watatu wenye ovaroli, kila mmoja na baiskeli yake kuukuu, wakienda zamu ya asubuhi. Mmoja alishuka akaninyooshea usukani, akaniambia kwa Kizulu: ukisikia lori nyuma yako, shuka, subiri lipite, ndipo upande tena. Nikamuuliza kama yeye hufanya hivyo. Akasema kila siku, kwenda na kurudi.

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Anayeendesha baiskeli kwa starehe ametengenezewa njia kando ya mchanga, na anayeendesha kwa sababu hana nauli ameachiwa ukingo wa barabara.

Ukishavuka sehemu hiyo, unapanda kilima cha Bluff. Kinachosha, mimi nilisukuma. Halafu unafika juu, na bahari inafunguka yote mbele yako. Upande huu wa jiji si mchanga mtupu. Kuanzia Brighton Beach kwenda Treasure Beach kuna miamba iliyolala hadi ndani ya maji, na maji yakipwa hubaki vidimbwi vyenye kaa, kome na mwani. Maneno haya tuliyakariri kwa ajili ya mtihani. Pale unaweza kuyagusa. Mwezi wa Julai, ukikaa juu ukatazama mbali, unaweza kuwaona nyangumi wa nundu wakipanda kaskazini kwenda kwenye maji ya joto. Nyangumi wa aina hiyo huonekana pia Zanzibar na Watamu katikati ya mwaka. Hapo hapo Bluff palikuwa na kituo cha kuwachinja nyangumi, kilichofungwa mwaka 1975.

Na hapo ndipo nilipopata pancha. Nilikuwa nimekaa kando ya barabara na tyubu mkononi nikitafuta tundu, mzee mmoja mwenye fimbo ya kuvulia akasimama. "Sawubona, mkhulu," nikamwamkia. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia naishi Greyville, lakini kwao baba ni Tanga, na tunasema Kiswahili. Akacheka. "Basi bila shaka umekuja kuwatafuta Wazanzibari."

Wengi wenu mmeisikia habari hii darasani kwa dakika tano. Mwaka 1873, mwaka ule ule Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Zanzibar, Waingereza walianza kuleta Durban watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji. Walifanyishwa kazi kwa mkataba, kisha wakaishi King's Rest, hapo Bluff, kwenye ardhi iliyonunuliwa na wakfu wa Waislamu. Utawala wa ubaguzi haukujua uwaweke kundi gani, ukawaandika "Waasia wengine". Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ukawahamisha kwenda Chatsworth, Bluff ikabaki ya Wazungu.

Mzee yule alizaliwa King's Rest. Alinishikia gurudumu huku nikibandika kiraka, akaniambia jambo ambalo halikuwa kwenye maelezo ya darasani. Jina la Wazanzibari walipewa na wengine. "Zanzibar ndiko meli ilikotoka," alisema. "Nyumbani ni kwa Wamakua." Alipokuwa mtoto, baba yake alimleta kuvua kwenye miamba ile kwa miguu. Siku hizi anapanda teksi mbili kutoka Chatsworth.

Nakiri kwamba nilikuwa nimekuja na majivuno kidogo. Nilitaka kurudi chamani niwaambie kwamba Kiswahili kimekuwapo Durban miaka 150, kwamba watu wale ni wetu. Mzee alinirekebisha kwa upole. Hatuna haki ya kuwageuza Wamakua kuwa Waswahili ili historia yetu hapa ionekane ndefu. Lililo juu yetu ni kuwasikiliza. Na nisingelisikia hilo kama ningepita kwa basi, kwa sababu basi halipati pancha mbele ya mzee anayejua.

Hoja ya kupinga ninayoiheshimu ni ya usalama, na mimi mwenye kovu gotini siwezi kuipuuza. Kwa hiyo napendekeza tutoke Jumapili alfajiri, wakati malori ni machache. Tuikwepe Bayhead kabisa. Twende kwa safu moja, wa mbele na wa nyuma wakiwa na fulana za kung'aa. Kutoka Greyville hadi kwenye miamba hazizidi kilomita 20, na tutasimama kila tunapochoka. Asiye na baiskeli au asiyeweza kuendesha apande teksi atukute Brighton Beach, asionekane mvivu. Wanaotaka kujifunza, tuanze Jumamosi kwenye ile njia ya ufukweni.

Walimu wakisema hatari bado ni kubwa mno, nitakubali tusiende. Lakini tusiishie hapo. Ikiwa njia ile haiwafai wanafunzi 20 asubuhi moja ya Jumapili, inawezaje kuwafaa wale wanaume watatu siku tano kwa wiki? Tuiandikie manispaa barua, kwa Kizulu na Kiingereza, tuiombe njia ya baiskeli yenye ukingo wa kuzuia magari, kuanzia pale njia ya ufukweni inapokoma, kuzunguka ghuba hadi Bluff. Tukienda, tuiandike vile vile, tena tukiwa na picha. Chama kinachojua kuandika insha hakishindwi na barua ya kurasa mbili.

Nitaileta hoja hii kwenye mkutano ujao wa chama. Njooni mnipinge, ila mnipinge kwa Kiswahili. Pampu, gundi na viraka nitaleta mimi, na baba ameahidi kuja Jumamosi ya kwanza ya mazoezi kuzikagua cheni zenu.