Dar si Kariakoo tu
Korosho zikishauzwa, hapa kwetu Chiungutwa, kusini, safari za Dar huanza. Juzi mama jirani alinionyesha orodha yake: vitenge, simu, mabati, vyote vya Kariakoo. Sawa, lakini macho nayo yana njaa yake. Mama, ukimaliza manunuzi panda daladala la Posta, uingie Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, linakohifadhiwa fuvu la zamadamu Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Mchana shuka soko la samaki la Feri, uchague samaki mbichi, wakukaangie hapo hapo, ule na ugali wa moto. Nanyi watoto wa kusini, kumpokea mzazi na kumfungia ndani Mbagala ni kumnyima haki yake: korosho zake nazo zimelijenga jiji hilo. Mpandisheni hata pantoni ya Kigamboni, aione bahari.